Hesabu za Kemia Zianze na Maji ya Tana

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga wetu, na waliokuwa wakinena hivyo walikuwa watu wa vipimo. Mfanyabiashara wa pwani alijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, na mtoto aliyetumwa dukani hakuhitaji kukaririshwa kanuni yoyote ili atambue kwamba amepunjwa. Ni ajabu basi kwamba wajukuu wa watu hao, wakiingia katika darasa la Kemia na kuandikiwa ubaoni hesabu ya gramu, lita na moli, huingiwa na hofu kana kwamba wameambiwa wasome nyota. Kila mwalimu wa somo hili anaijua hofu hiyo. Mwanafunzi aliyekuwa akifurahia rangi za ndimi za moto na mapovu ya gesi katika vidato viwili vya kwanza hufika kidato cha tatu, ambako mtaala wa 8-4-4 uliiweka mada ya moli, akageuka bubu.

Rai yetu ni kwamba kosa haliko katika akili ya mwanafunzi, wala haliko katika ugumu wa hesabu zenyewe. Hesabu hizi zahitaji kuzidisha, kugawanya na kulinganisha, mambo ambayo mtoto alijifunza katika shule ya msingi. Kosa ni kwamba zimefundishwa kama hesabu zisizohusu kitu chochote. Mwanafunzi hupewa kanuni azikariri kabla hajaona kinachopimwa, kisha huachwa atafute mahali pa kuitumbukiza kila namba aliyopewa. Tiba yake ni kumrudisha kwenye kitu anachokijua, naye akipime, akihesabu, kisha aandike kanuni mwishoni. Mahali pazuri pa kulionyesha jambo hili ni Kilelengwani.

Kijiji hicho kiko Garsen, katika Delta ya Tana, si mbali na Kipini ambako mto mrefu kuliko yote nchini humwaga maji yake baharini. Wakenya wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kwa habari ya msiba. Mnamo tarehe 10 Septemba 2012, katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, watu 38 waliuawa hapo, 9 kati yao wakiwa askari polisi. Chimbuko la uhasama huo lilikuwa ardhi, malisho na maji. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa amefikia umri wa kukalia dawati la sekondari. Je, somo la Kemia lina lolote la kumwambia kuhusu maji hayo yaliyomwagiwa damu?

Tuanze na moli yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Vitabu humwambia mwanafunzi kwamba moli moja ni namba ya chembe iliyo takriban 602 ikifuatiwa na sifuri 21, namba inayohusishwa na jina la Avogadro. Ni kweli, na tangu mwaka 2019 moli imefasiriwa kimataifa kwa namba hiyo moja kwa moja. Lakini mtoto akisikia sifuri 21 hufunga daftari la moyo wake. Mtoto wa delta angeambiwa kwanza habari ya korija. Miti ya mikoko katika pwani yetu imeuzwa kwa korija tangu enzi za majahazi, na korija ni miti 20. Korija ya fito ni 20, na korija ya boriti ni 20 vilevile. Idadi ni moja, ila hakuna hamali atakayekubali ujira mmoja kwa kubeba zote mbili, kwa kuwa uzito wake haulingani hata kidogo.

Moli nayo ni korija ya chembe. Moli ya kaboni ina uzito wa gramu 12, moli ya maji gramu 18, moli ya chumvi ya mezani gramu 58.5. Idadi ya chembe ni ileile, uzito ndio unaotofautiana. Sasa mwulize mwanafunzi: ikiwa unaujua uzito wa shehena ya boriti, na unaujua uzito wa korija moja, utajuaje shehena hiyo ni korija ngapi bila ya kuhesabu mti mmoja mmoja? Atajibu kwamba atagawanya. Basi ameigundua mwenyewe kanuni ambayo wenzake wameikariri kama kasuku: uzito uliopo, ukigawanywa kwa uzito wa moli moja, hutoa idadi ya moli. Hataisahau, na hata akiisahau ataweza kuiunda upya.

Twende hatua ya pili, ambayo ni hesabu za mlinganyo wa kikemia. Misikiti na majumba ya kale ya pwani yetu yalijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika matanuu. Mchoma chokaa alijua kwamba jiwe likishaiva huwa jepesi kuliko lilivyoingia motoni. Kemia humweleza ni kwa kiasi gani na kwa sababu gani. Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Kalsiamu ni 40, kaboni 12, na oksijeni tatu za 16 ni 48. Jumla ni 100. Likichomwa hutoa kalsiamu oksaidi, yaani chokaa, ambayo ni 56, na gesi ya kabonidioksaidi, ambayo ni 44. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa, na kilo 44 hupaa hewani bila mtu kuziona.

Mwanafunzi aliyeielewa habari hii hawezi kudanganyika. Aliyekariri tu aweza kugeuza mgawanyo juu chini, akazidisha 100 kwa 100 na kugawanya kwa 56, akapata takriban kilo 179 za chokaa, naye akazipigia mstari kwa rula na kwenda zake. Ametoa tanuuni mzigo mzito kuliko alioutia! Hakuna mchoma chokaa ambaye angekubali jibu hilo, hata kama hakuingia darasani siku moja. Tofauti baina ya wawili hao ni kwamba mmoja anakiona kitu na mwingine anaona tarakimu tupu. Mwalimu anayemzoeza mwanafunzi kujiuliza, "Je, jibu hili laweza kuwa kweli?" amemfanyia hisani kubwa kuliko anayempa mazoezi mia moja ya kukariri.

Sasa turejee kwenye maji, ambayo ndiyo kiini cha maisha ya delta. Wakulima wa karibu na mdomo wa Tana, kama wale wa Ozi, kwa vizazi vingi wamelima mpunga kwa kutumia kujaa na kupwa kwa bahari. Bahari inapojaa huusukuma mto nyuma, maji matamu yakapanda mashambani. Inapokupwa, maji hushuka. Ni ujuzi wa hali ya juu ambao haukusubiri mhandisi yeyote. Lakini hufaulu mradi mto una nguvu ya kuizuia bahari isiingie. Mto unapopungukiwa, hususan nyakati za ukame, maji ya chumvi hupenya ndani na kuyafikia mashamba, na bamvua huzidisha balaa. Kilio cha wakulima wa sehemu hizo kuhusu chumvi kimesikika kwa miaka mingi.

Je, chumvi kiasi gani huharibu shamba? Hapa ndipo hesabu ya ukolezi inapokuwa na uhai. Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Wataalamu wa kilimo wanatueleza kwamba mavuno ya mpunga huanza kupungua chumvi ya maji yaliyomo udongoni ikikaribia gramu 2 kwa lita. Mwambie mwanafunzi agawanye 35 kwa 2: atapata 17 na nusu. Maana yake ni kwamba lita moja ya bahari, ikichanganyika na lita 16 na nusu za maji matamu, yatosha kuufikisha mchanganyiko huo kwenye mpaka wa hatari. Chini ya sehemu sita katika mia! Mkulima anayesema kwamba bahari imeingia kidogo tu na shamba limeharibika hapigi chuku, hesabu inamshuhudia.

Kutoka hapo mwalimu aweza kupanda daraja bila kumpoteza mtoto. Tukichukulia kwamba chumvi yote hiyo ni ya mezani, gramu 2 zikigawanywa kwa 58.5 ni moli 0.034 katika lita moja, na gramu 35 ni karibu moli 0.6. Mtungi wa lita 20 wenye maji ya mpaka huo wa hatari una gramu 40 za chumvi. Mwanafunzi anayeteka maji kwa mtungi huo kila asubuhi ataona kwamba maneno "moli kwa lita" yana uzito unaoweza kushikwa mkononi.

Isitoshe, jambo hili laweza kupimwa na shule isiyo na maabara ya fahari. Wanafunzi na wachote lita 5 za maji wakati bahari imejaa, na lita 5 nyingine wakati imekupwa. Wayachuje tope kwa kitambaa safi, wayachemshe katika sufuria mpaka karibu yakauke, wamalizie kwa moto mdogo, kisha wapime kilichosalia kwa mizani. Wakipata gramu 10, watajua kwamba kila lita ilikuwa na gramu 2. Wakirudia kila mwezi kwa mwaka mzima na kuandika daftarini, watakuwa na kumbukumbu ambayo mkulima, afisa wa kilimo na mwakilishi wa wadi wote wataihitaji. Hayo ndiyo matunda ya Kemia ya kidato cha tatu.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika maji ya kunywa. Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 zilisababisha mafuriko katika Tana, na kaunti ya Tana River ilikuwa miongoni mwa zile zilizoandamwa na kipindupindu kipindi hicho. Kinga mojawapo ni klorini, na klorini haitiwi kwa kukisia. Tuseme kijiji kina tangi la lita 10,000, na imeamuliwa kutia miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Zitahitajika miligramu 20,000, yaani gramu 20. Lakini unga wa klorini unaouzwa si klorini tupu. Tuseme kopo limeandikwa asilimia 65. Je, upimwe unga kiasi gani?

Mwanafunzi mwelevu atasema: gramu 20 ninazozitaka ni asilimia 65 ya unga nitakaoupima, kwa hiyo nagawanya 20 kwa 0.65 na kupata takriban gramu 31. Mwanafunzi aliyezoea kutumbukiza namba ataona 20, ataona asilimia 65, atazidisha na kupata gramu 13. Katika mtihani kosa hilo litampotezea alama moja au mbili. Katika tangi litawaachia watu maji yenye miligramu 0.8 tu kwa lita, chini ya nusu ya kilichokusudiwa, na maji ya mafuriko yenye tope humeza klorini nyingi kabla haijaua kijidudu hata kimoja. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba baada ya nusu saa maji yapimwe tena, na mabaki ya klorini yasipungue nusu miligramu kwa lita. Na yule aliyesahau kugeuza miligramu kuwa gramu, akataka kutia kilo 20 za klorini, anahitaji mtu wa kumshika mkono kwa haraka!

Wala tusidhani kwamba haya yanamhusu mtoto wa mkulima peke yake. Mtoto wa mfugaji anayesaidia kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe hukutana na hesabu hiyohiyo. Ikiwa chupa imeandikwa kwamba sehemu moja ya dawa ifanye sehemu 500 za mchanganyiko, bomba la lita 20, yaani mililita 20,000, lahitaji mililita 40. Akipunguza, kupe wataendelea na karamu yao na hatimaye kuizoea dawa. Akizidisha, atamdhuru mnyama na kujidhuru mwenyewe. Mpokomo na Muorma wanaketi dawati moja mbele ya hesabu moja. Hatudai kwamba Kemia italeta amani Garsen. Amani ina wazee wake na sheria zake. Tunachosema ni kwamba vijana wawili waliopima maji ya mto mmoja kwa mizani moja na kupata namba moja, angalau wana jambo moja ambalo hawatagombania.

Tumeonyesha mifano minne, na msomaji makini ameona kwamba njia ni moja. Kwanza mwanafunzi hujiuliza anatafuta nini, na kwa kipimo gani: gramu, lita, au moli? Pili hujiuliza amepewa nini. Tatu, ikiwa kuna badiliko la kikemia, huandika mlinganyo wake na kuusawazisha, kwa maana mlinganyo usiosawazishwa ni mizani iliyopinda. Nne hugeuza alichopewa kuwa moli, kwa sababu chembe huungana kwa idadi, haziungani kwa uzito. Tano hutumia uwiano wa mlinganyo, kisha hurejea kwenye kipimo alichoulizwa. Mwisho hulitazama jibu lake kwa jicho la mchoma chokaa. Katika hatua zote huandika kipimo kando ya kila namba. Namba isiyo na kipimo ni kama mzigo usio na jina la mwenyewe. Hujui uupeleke wapi.

Tunafahamu kwamba wapo walimu watakaotujibu kwa uchungu. Watasema kwamba muda hautoshi, kwamba mtihani wa kitaifa una karatasi tatu za Kemia na hakuna hata moja inayouliza habari za korija, na kwamba shule nyingi za mashambani hazina mizani wala kemikali za kutosha. Malalamiko hayo yana haki, na si uungwana kuyapuuza. Hata hivyo, muda unaotumiwa kurudia mada ya moli mara tatu kwa wanafunzi wasioielewa ni mwingi kuliko muda wa kuifundisha mara moja kwa kitu kinachoonekana. Na mtahini, hata asipoitaja korija, hutunga maswali ambayo aliyeelewa huyamudu na aliyekariri huyakimbia, kwa kuwa kila mwaka huyavisha vazi jipya.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wengi huliogopa. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hana budi kukijua. Lakini mtoto wa Kilelengwani hufikiri kwa Kipokomo, kwa Kiorma au kwa Kiswahili, na mara nyingi anaposhindwa hesabu huwa ameshindwa kuielewa sentensi kabla hajafikia namba. Kuna ubaya gani mwalimu akimwambia alieleze swali kwa Kiswahili kwanza, kisha alijibu kwa Kiingereza? Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kazi hiyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Anayesema kwamba sayansi haiwezi kuzungumzwa kwa lugha yetu hajaitafuta.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Msiione hesabu ya Kemia kama mlango wa kuwachuja wasiostahili. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, umeliweka somo hili katika mkondo wa sayansi wa sekondari ya juu, na hofu ya moli yaweza kumfanya kijana mwenye kipawa aukimbie mkondo huo mapema, akajifungia milango ya uuguzi, ufamasia, uhandisi wa maji na utabibu wa mifugo. Kaunti yenu inahitaji watu wa fani hizo kuliko nyingi nyingine. Aulizaye njia hapotei. Mwulizeni mwalimu namba hiyo imetoka wapi, na msikubali kuendelea mpaka mjue inapima nini.

Kwa wenye mamlaka, kuanzia Wizara ya Elimu hadi serikali ya kaunti ya Tana River, tunatoa wito usio wa gharama kubwa. Kila shule ya sekondari ya delta na ipewe mizani iliyo sahihi, vyombo vya kupimia lita na mililita, na vifaa vya kupimia mabaki ya klorini. Maafisa wa maji na wa kilimo na waende shuleni walau mara moja kwa muhula, waonyeshe wanafunzi jinsi wanavyozitumia hesabu hizi katika kazi zao za kila siku. Na daftari za vipimo vya wanafunzi zisiachwe zikaliwa na mchwa kabatini. Zisomwe katika vikao vinavyojadili maji na mashamba.

Tana itaendelea kushuka kutoka milimani, na bahari itaendelea kujaa na kupwa. Kati ya maji hayo mawili kuna watoto wanaofundishwa kwamba Kemia ni jambo la vitabuni. Ni wajibu wetu, walimu na wazazi, kuwapa mizani na mtungi wa maji, na kuwaacha wahesabu.